Uzi wa chai ya nyumbani: umepanda nini, na maji gani?

Wa_Kigamboni: Wakuu, habari za muda huu. Fungu la mchaichai la sokoni linanyauka kabla daladala haijafika, ndiyo maana wengi tumeamua kupanda wenyewe. Naomba uzi huu uwe wa waliopanda kweli, "nilisikia kwamba" tuiache pembeni. Semeni mko wapi na mnamwagilia maji gani, maana huko ndiko kwenye shida yote.

Mimi maji yangu ni ya kisima, yana chumvi. Mchaichai unavumilia. Mnanaa ndio mwenye maringo: ncha za majani zinageuka kahawia kama zimebabuliwa na moto, na juu ya udongo panabaki unga mweupe. Siku hizi naumwagilia maji ya mvua niliyokinga, na mvua kubwa ikinyesha nalitoa kopo nje ili chumvi ioshwe ishuke chini. Matundu ya kopo yawe makubwa, la sivyo chumvi itabaki humo humo.

Bi_Mkandaa (Unguja): Sie mchaichai hupandwa penye karo, ukanywa maji ya kusuuzia vyombo. Haudai mbolea. Unachodai ni kugawiwa. Shina likizeeka, katikati hufa na majani huwa membamba, makavu. Ling'oe lote, tenganisha vichipukizi, kata majani yabakie shubiri moja, kisha panda tena mbalimbali. Na kuvuna ni kwa kisu, mwanangu, usivute kwa mkono. Ukingo wa jani lile huchana vidole.

Kupika: funga majani fundo, tia kwenye birika maji yakiwa yanatokota, pamoja na jani bichi la mdalasini kama unao mti. Majani ya chai yanaingia mwisho kabisa. Ukiyatanguliza, chai inakuwa chungu na harufu ya mchaichai huipati.

Ghorofa_ya_Nne (Nairobi): Mimi ni rozmari kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa. Jirani alinipa kitawi, nikatoa majani ya chini, nikakichomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Rozmari haipendi kulowa. Baridi yetu ya katikati ya mwaka ikianza, simwagilii mpaka kidole kizame kwenye udongo na kitoke kikavu. Kwenye strungi (chai ya rangi) weka kijiti kimoja tu. Ukizidisha utakunywa nyama choma.

Wa_Maskati: Asalaam aleikum. Huku kiangazi joto linapita nyuzi 40, mnanaa naupanda kwenye kivuli cha ukuta unaotazama mashariki; unapata jua la asubuhi basi. Nakinga maji yanayodondoka kwenye AC, hayana chumvi kabisa.

Wa_Kigamboni: Hapo sikubaliani na wewe, ndugu yangu. Chumvi kweli hayana, ila yametiririka juu ya mabomba ya shaba na vumbi la ndani ya mashine. Mwagilia maua. Kitu cha kunywa, mimi hapana.

Shamba_Muheza: Kuna mtu ameniuliza iliki faragha (PM). Huku Amani, milima ya Usambara Mashariki, inakaa chini ya miti mikubwa, kivuli na unyevu mwaka mzima, na tunda unalisubiri miaka kama 3. Dar kwenye kopo utaishia kufuga majani. Panda tangawizi: kipande chenye macho yaliyovimba, kwenye kiroba chenye udongo mwepesi, kina cha sentimita 5 hivi. Miezi 8 hadi 10 majani yanakuwa njano na kulala, hapo chimba. Ukiwa na haraka, fukua pembeni, vunja kidole kimoja, rudishia udongo. Mmea hausumbuki.

Mgeni_Jamvini: Wakuu, nimeuziwa mche wa mchaichai, chai yake inanuka dawa ya mbu. Nimepigwa?

Shamba_Muheza: Angalia chini kwenye shina. Likiwa jekundu au zambarau, huo ni ule wa kufukuzia mbu. Wa chai shina lake ni jeupe lenye ukijani.

Mama_Vikopo (Mwanza): Mama yangu anatumia dawa za presha na anapenda sana choya, ile chai nyekundu ya rosela. Aendelee?

Bi_Mkandaa: Choya yenyewe yaweza kushusha presha, kwa hivyo amwambie daktari wake anakunywa kiasi gani. Na vidonge asiviache kwa sababu ya chai.

Mama_Vikopo: Ahsante Bi. Basi nani ana mbegu za choya, niko Mwanza?

Shamba_Muheza: Usinunue mbegu. Pita kwa wauza choya kavu, chambua zile ambazo tumba lake bado limo ndani. Likishakauka linapasuka lenyewe, mbegu zimejaa humo. Ila upe nafasi, mchoya unakupita urefu, kopo la kilo moja halitoshi.