Raiskuka ya kitufe kimoja, ya digitali au presha kuka: ipi inapika zaidi ya wali?

Binti_Nyegezi (Jumatano, 19:42)
Wanajamvi habari za jioni. Nataka kununua raiskuka wiki hii, mwisho Jumamosi. Mwenye nyumba amekataza mkaa na gesi imeniishia mara ya pili ndani ya mwezi. Dukani nimeona aina tatu: ya kitufe kimoja lita 1.8, ya digitali yenye vitufe vingi, na presha kuka ya umeme lita 6. Wali najua zote zinapika. Nataka ile itakayonipikia na vitu vingine, maana siwezi kula wali siku saba. Waliotumia naombeni ushauri.

Mkubwa_Tabata (19:55)
Mdogo wangu, umeacha mambo yote ya muhimu. Mko wangapi? Bajeti ni kiasi gani? Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako au mnachangia na wapangaji wengine? Na unapenda kula nini hasa? Lita 6 kwa mtu mmoja ni sufuria ya msiba.

Bi_Forodhani (20:10)
Mwanangu, chukua ya kitufe kimoja. Mimi ninayo mwaka wa tisa huu, hapa Unguja, na wali ndio chakula ninachopika kidogo kuliko vyote humo.

Anza na mseto. Mchele vikombe viwili, choroko za kupaazwa kikombe kimoja, kitunguu, chumvi, tui jepesi vikombe sita. Unafunika, unakwenda zako. Kikiruka kitufe, mimina tui zito kikombe kimoja, koroga mara moja kwa mwiko wa mti, funika dakika kumi. Ule na mchuzi wa papa au samaki wa kukaanga. Usitie tui zito tangu mwanzo: linashika chini na chombo kinazima mchele ukiwa bado na kiini.

Muhogo wa nazi, magimbi na boga vinafuata njia hiyohiyo. Na ukishaizoea, nitakufundisha mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui.

Waya_Mwekundu (20:31)
Bi Forodhani kasema kweli kuhusu tui, na sababu yake ndiyo itakayomsaidia muulizaji kuchagua. Chini ya sufuria ya ndani kuna sumaku na springi. Maji yakiwepo, sufuria haipiti sana nyuzi 100. Yakikauka joto linapanda, na likivuka hapo kidogo tu sumaku inapoteza nguvu, springi inasukuma, kitufe kinaruka. Chombo hakijui kama chakula kimeiva. Kinajua maji yamekwisha, basi.

Kwa hiyo chakula kinachoiva huku kikinywa maji, kama wali, mseto, pilau, viazi vya nazi au ndizi, ni chake. Cha kukaanga utapigana nacho. Ugali usijaribu kabisa, mwiko utachuna ile rangi ya ndani isiyoshika. Uji nao unapanda na kutokea kwenye tundu la mvuke.

Wa_Njombe (20:48)
Mnamzungusha binti wa watu. Presha kuka. Huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi kwa sababu ya mwinuko, maharage ukiyaweka kwenye raiskuka utakesha. Kwenye presha joto linavuka nyuzi 100. Nikiyaloweka usiku, dakika 25 yameiva. Makande, kongoro, supu ya mifupa, kila kitu. Na haili umeme muda wote, ikishajaa presha inazima na kuwaka yenyewe.

Mkaazi_Kayole (21:02)
Naunga mkono, hapa Nairobi pia tuko juu. Githeri, makande yetu, kwa presha ni saa moja kasoro, kwa jiko la kawaida ni mchana mzima. Lakini dada hajajibu yuko na watu wangapi.

Binti_Nyegezi (21:20)
Niko peke yangu, mdogo wangu anakuja wikiendi. Bajeti 120,000. Napenda sana ndizi, na pilau.

Mkubwa_Tabata (21:24)
Na luku?

Mswahili_Maskati (21:37)
Mimi natetea ya digitali. Hapa Maskati ninayo, na nimeipikia bokoboko: ngano iliyolowekwa na nyama ya kuku, saa nne kwa moto wa polepole, kisha napiga kwa mwiko na kumwagia samli. Ya kitufe kimoja haiwezi kazi hiyo, itazima na kuwasha hadi uchoke. Keki pia ina kitufe chake.

Tahadhari moja: maharage mekundu usiyapike kwa huo moto wa polepole. Yana sumu ya asili inayotaka mchemko mkali wa dakika kumi ndipo ife. Yachemshe kwanza, mwaga maji, ndipo uyatie.

Kwa wanaopenda historia, Toshiba ndiyo iliyoanza kuuza ile inayojizima yenyewe, Japani, 1955. Ilikuwa na vyungu viwili, maji yaliwekwa kwenye kile cha nje, yakikauka baada ya dakika ishirini hivi inazima. Wazo ni lilelile la Waya Mwekundu: kusubiri maji yaishe.

Baba_Pacha (22:15)
Kabla hamjaendelea na keki, nisomeni hapa.

Mwaka juzi nilinunua ya kitufe kimoja, lita 1.8, wati 700. Mke wangu akaanza kupikia pilau humohumo. Ukitia mafuta na vitunguu bila maji, kitufe kinaruka kila baada ya dakika mbili, tatu. Akachoka, akachukua kijiko, akakikaza pale kwenye kitufe kisiruke. Vitunguu vikaiva vizuri, pilau ikanukia mtaa mzima. Akafanya hivyo kama miezi miwili. Siku moja kikazima moja kwa moja, hata taa haiwaki.

Nikapeleka kwa fundi wa mtaani. Akafungua akaniambia kuna fyuzi ya joto imekatika, dukani hana, ila ataunganisha waya moja kwa moja na kitawaka. Nikakubali, nikalipa. Kikawaka kweli, nikashukuru.

Ile fyuzi ndiyo ilikuwa mlinzi wa mwisho, mimi sikujua. Wiki ya tatu tumeweka wali usiku, swichi ikagoma kuruka. Mke wangu alikuwa anaogesha mapacha, mimi sijarudi kutoka kazini. Wali ukakauka, ukaungua, miguu ya plastiki ikaanza kuyeyuka juu ya meza ya mbao. Na nilikuwa nimechomeka kwenye ekstensheni moja na friji na pasi, waya wake mwembamba ukalainika. Jirani aliona moshi dirishani akaja kuzima swichi kuu. Watoto walikuwa chumba cha pili. Mpaka leo nikisikia harufu ya wali unaoungua moyo unashtuka.

Binti, chochote utakachochukua, kichomeke ukutani peke yake. Usikaze kitufe kwa kijiko. Fyuzi ikikatika, iwekwe fyuzi, isiwekwe waya.

Waya_Mwekundu (22:29)
Pole sana Baba Pacha, tushukuru watoto wako salama. Fyuzi hiyo huandikwa nyuzi zake na ampea zake, unanunua inayofanana. Ni kitu cha bei ndogo sana, hakuna sababu ya fundi kuiruka.

Na pilau ina njia: kaanga vitunguu na nyama kwenye kikaango pembeni, au chombo kikiruka subiri kipoe dakika tano ubonyeze tena kwa kidole. Kisipokubali kubonyezeka, kiache.

Wa_Njombe (22:35)
Kwenye presha kuka kuna kitufe cha kukaangia, kijiko hakihitajiki.

Bi_Forodhani (22:41)
Pole baba. Mimi kwenye mkate wa kumimina nabonyeza mara nne mpaka tano, lakini kila mara nasubiri robo saa. Haraka ndiyo inayoharibu.

Kyela_Halisi (22:50)
Mnazungumzia vyombo, mchele hamuutaji. Mchele wa Kyela mpya vikombe viwili maji viwili na robo tu, ukizidisha ni bokoboko la bure. Watu wengi wanalaumu raiskuka kumbe ni mchele.

Mkubwa_Tabata (22:58)
Na wa Shinyanga je? Mimi wa Shinyanga natia tatu na unachambuka vizuri kuliko wenu.

Kyela_Halisi (23:01)
Unachambuka, harufu hauna.

Binti_Nyegezi (Alhamisi, 06:48)
Asanteni sana, na pole Baba Pacha. Luku tunachangia wapangaji watano, kila mwezi tunagawana sawa. Soketi chumbani kwangu ni moja.

Mkubwa_Tabata (07:05)
Hilo ndilo nililokuwa nasubiri tangu jana. Mita ya watu watano haiwezi kubaki kwenye kundi la bei nafuu, la chini ya uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo kila uniti mnainunua kwa bei ya juu. Raiskuka ya wati 700 dakika 35 ni kama uniti 0.4. Si nyingi, lakini maharage ya saa tatu wenzako watayasikia. Kama ni maharage, presha. Kama ni ndizi na pilau, ya kitufe inatosha na pesa itabaki.

Wa_Njombe (07:12)
Ndizi nyama kwenye presha dakika kumi na mbili.

Bi_Forodhani (07:20)
Dakika kumi na mbili na ndizi zimekuwa uji. Ndizi zinataka kuonwa.

Binti_Nyegezi (07:31)
Presha ya lita 6 waliniambia 145,000, imenizidi. Leo jioni nitauliza kama kuna ndogo. Bi Forodhani, ule mkate wa kumimina, juu si unabaki mweupe? Nyumbani walikuwa wanapalia makaa juu ya kifuniko.

Bi_Forodhani (08:02)
Unabaki mweupe, ndiyo. Ukishashika katikati, unaupindua kwenye sahani iliyopakwa samli, unaurudisha kichwa chini kwa robo saa. Mchele uloweke tangu usiku, usage na tui zito mpaka ukigusa kwa vidole usisikie chenga. Iliki usaga mwenyewe. Hamira kijiko kidogo kimoja kwa vikombe viwili vya mchele, na ute wa yai mwishoni kabisa, ukishaumuka.

Mswahili_Maskati (08:15)
Tui la pakiti linafaa? Huku nazi ya kukuna naipata kwa nadra.

Bi_Forodhani (08:19)
Linafaa, lakini lipunguze kwa maji, na usome kwanza kama limetiwa sukari.

Kyela_Halisi (08:26)
Na mchele uwe gani?