"SUBIRI SAA ISHIKE": Kuna watu hawafai kupokezwa kijiti, hawafai kupokezwa hata mtoto!

Kiatu Kimoja (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, msinisahihishe herufi.

Klabu yetu mnaijua na huyu mtu mnamjua, jina simtaji. Ukikimbia Coco Jumamosi alfajiri lazima umeshakutana naye: miwani ya jua kabla jua halijatoka, soksi mpaka magotini, na kiunoni mkanda wa vichupa vya maji ya kutosha kuosha daladala.

Juzi tulikuwa na mbio za kupokezana vijiti. Marathoni nzima, km 42.195, watu sita: 5, 10, 5, 10, 5, na wa mwisho 7.195. Mimi mguu wa tatu, yeye wa nne. Nimetoka Masaki, nimeikamua Toure Drive yote, jasho linaingia machoni, joto la Dar mnalijua, saa moja asubuhi shati limeshalowa. Nimepita watu wawili. Wawili! Nakaribia Daraja la Tanzanite namwona amesimama, nikasema hapo sawa, mwamba yuko tayari. Nanyoosha kijiti.

Ananiangalia. Ananyanyua mkono juu. Anasema:

"Subiri saa ishike."

Wakuu. SUBIRI. SAA. ISHIKE.

Eti saa yake haijapata setilaiti! Nimesimama katikati ya barabara, nimenyoosha kijiti kama kondakta anayedai nauli, mwenzangu anazunguka anatafuta mbingu. Wale wawili niliowapita wakanipita. Mmoja akanipa pole. Timu ya wamama wa benki ikapita, wakapokezana huku wanacheka, wakaondoka. Watu wametungwa mimba na kuzaliwa nimesimama pale.

Alphonce Simbu Tokyo mwaka 2025 kashinda marathoni ya dunia kwa sekunde 0.03. Sifuri nukta sifuri tatu! Sisi tunasubiri setilaiti.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi ni leo asubuhi. Matokeo yametoka, kaandika kwenye grupu: "Hongereni sana timu, mguu wa tatu ulilegea kidogo ila tuliokoa jahazi 💪🏾". Nani kaokoa jahazi? Chipu iko kwenye kijiti, na mkeka wa kuhesabia uko mbele ya pale tulipopokezana, kwa hiyo kusubiri kwake kote kumeandikwa KWANGU. Strava yake, ile app ya kurekodi mbio, inang'aa, maana saa ilianza kuhesabu alipojisikia yeye. Na watu wanamwekea makofi!

"Subiri saa ishike." Nikilala nasikia.

Mama Wawili

Siti ya mbele nimeshakaa, karanga ninazo. Jina tafadhali.

Bwana Jangwani

Mkuu pole. Ila hiyo kilomita tano ulitumia dakika ngapi? Naona umesimulia jasho, joto, wamama wa benki, muda wako umeuruka.

Kiatu Kimoja

Muda wangu hauhusiani na mada. Mada ni saa.

Bwana Jangwani

Hahahaha. Dakika arobaini huyu.

Ndugu Mtazamaji

Uzi bila picha ni chai.

Kiatu Kimoja

Picha ipo! Mpiga picha wa mashindano katupiga pale pale, mimi nimenyoosha kijiti, yeye anaangalia mkono. Na hiyo picha KAIWEKA PROFAILI, kanikata mimi, kimebaki kijiti na vidole vyangu.

Mama Wawili

Nimecheka mpaka bosi kageuka 😂😂 vidole

Mwalimu wa Zamu

Tuwekane sawa kidogo. Huo mgawanyo wa watu sita ni wa mtindo wa Wajapani, wanaita ekiden. Wao hawatumii kijiti, wanapokezana utepe wa kuvaa begani. Na kwenye zile kubwa zao, timu ikichelewa sana kituoni anayefuata anaondoshwa bila kumsubiri mwenzake, utepe wao unaishia hapo, wachezaji wanalia barabarani. Huyo wenu angetafutiwa mahali pa kujificha.

Kiatu Kimoja

Asante mwalimu. Utepe ningemfungia mdomo.

Mzee wa Kona

Simbu msimwingize kwenye ujinga wenu. Sisi tuna Filbert Bayi, Christchurch 1974, mita 1500 kwa 3:32.2, rekodi ya dunia wakati ule, kaongoza toka mwanzo hadi mwisho. Saa ilikuwa kwa waamuzi, yeye kazi yake kukimbia.

Mkimbiaji Safi (amejiunga leo)

Mimi napita tu, hawa watu siwajui. Ila kitaalamu saa ikianza bila setilaiti inakosea umbali, na mkimbiaji makini lazima awe na rekodi sahihi. Pia nasikia huyo wa mguu wa tatu alifika anatembea.

Kiatu Kimoja

NI YEYE!!! Wakuu ni yeye! Alikwambia nani kwamba nilitembea??

Bwana Jangwani

Kwa hiyo ulitembea.

Foleni Sugu

Samahani, nyinyi wakimbiaji nani kawapa barabara? Jumapili natoka Kawe nampeleka mama kanisani Posta, daraja limefungwa, magari yote tukasukumwa Selander. Misa imeisha tuko Morocco. Mama kaniambia ningekuwa na dini ningepaki nikatembea.

Dada wa Sinza

@Foleni Sugu angalau umepata uzi. Mimi nimelipa kiingilio mapema, nikaandika tisheti saizi M, nimepewa XXL, naambiwa "ndo zilizobaki". Navaa kulalia. Na ndizi zilikuwa zimeisha, nimekuta maganda.

Mzee wa Kona

Ndizi zimeliwa na watu wa kilomita tano. Wanamaliza mapema, wanapiga picha, wanabeba ndizi kwenye mikoba.

Chalii wa Tandika

Haya ndiyo matatizo ya klabu za Masaki, saa za milioni, kijiti hakipokelewi. Huku kwetu jogging ni gari la muziki mbele, watu nyuma tunaimba, hakuna setilaiti, tukimaliza supu.

Usingizi Mtamu

Ndiyo hilo gari la muziki nilikuwa nalitafutia uzi! Saa kumi na moja alfajiri, Mbagala, nina mtoto mchanga, nimembembeleza usiku kucha, kasinzia. Spika inapita dirishani. Mnaimba nini saa ile? Mnamwimbia nani?

Chalii wa Tandika

Dada samahani, tutawaambia wapunguze. Njoo na wewe siku moja.

Usingizi Mtamu

Nije na mtoto?

Kiatu Kimoja

Jamani turudi kwenye mada. Mkimbiaji Safi, jibu: kwa nini ulinikata kwenye picha?

Foleni Sugu

@Chalii wa Tandika hiyo supu ni ya ng'ombe au mbuzi?

Chalii wa Tandika

Ng'ombe kila Jumamosi, mbuzi tukiwa na mgeni. Ndimu na pilipili bure.

Mama Wawili

Chapati za maji au za kusukuma?

Chalii wa Tandika

Za kusukuma. Ila ukifika saa tatu unakuta zimeisha.

Dada wa Sinza

Natoka Sinza, napanda gari la wapi?