Ohagi za Mwanaisha: gumzo la familia

Mwanaisha (Kyoto, Japani): [Picha] Asalaam alaykum nyote. Leo niko jikoni na mama mkwe. Hizi ndizo ohagi: ndani wali unaonata, nje maharage ya azuki yaliyopondwa na sukari.

Shangazi Zuhura: Waalaykum salaam mwanangu. Si kama zile kunde za sukari za bibi yako, za futari?

Mwanaisha: Ndizo shangazi, ila huku hawatii nazi. Wiki hii ni higan, mchana na usiku vinalingana, watu wanazuru makaburi ya wazee wao. Ni siku 7, kila Machi na kila Septemba, na ohagi hazikosi.

Kaka Hamisi: Ndani hamna kitu cha kutia shaka?

Mwanaisha: Mchele, maharage, sukari na chumvi, basi kaka. Hata mafuta hakuna. Na za kuwapelekea wazee wao makaburini mama mkwe anaziandaa mwenyewe, zangu kanitengea mapema. Mama huyu ana adabu sana, Mungu amweke.

Dada Zai: Tupe mapishi, usituonyeshe picha tu 😄

Mwanaisha: Haya. Azuki haziloweki. Unaziosha, unazichemsha kidogo, maji ya kwanza unamwaga yote, yale ndiyo yana ukakasi. Unatia maji mapya, moto mdogo, kama saa nzima. Maji yakipungua unaongeza, zisibaki wazi juu. Halafu unachukua moja, unaibana kwa kidole gumba na cha shahada. Ikipondeka bila kushindana nawe, imeiva. Ikiwa na kiini kigumu, ngoja.

Dada Zai: Na sukari? Si bora itangulie ili ikolee?

Mwanaisha: Hapana dada!! Hapo ndipo penyewe. Ukiitanguliza, maganda yanakaza na hayalainiki tena hata upike hadi magharibi. Ziive kabisa kwanza, ndipo utie sukari kidogo kidogo, mara mbili tatu. Mama mkwe anapima sawa kwa sawa na maharage makavu. Mimi naona robo tatu inatosha. Mwisho chumvi, chembe tu.

Shangazi Zuhura: Baba yenu ana sukari, hiyo ataiona kwa macho.

Mwanaisha: Kweli shangazi, yeye asiguse. Ukishatia sukari usibanduke, koroga kwa mwiko. Ukipitisha mwiko ukaona chini ya sufuria kabla haijajifunika tena, epua. Usingoje iwe nzito, ikipoa inakaza yenyewe. Hiyo ndiyo anko. Wengine wanaichuja maganda ikawa laini kabisa, mimi naipenda na punje zake.

Kaka Hamisi: Azuki Tanga tutazitoa wapi?

Mwanaisha: Tumia kunde nyekundu. Azuki, kunde na choroko ni jamii moja. Na kunde wanazijua huku: Tokyo wali mwekundu wa sherehe wengi waliupika kwa kunde badala ya azuki, kwa sababu azuki hupasuka ganda, na samurai, wale watu wa upanga wa zamani, waliona ni kama kupasuka tumbo, mkosi.

Dada Zai: Subhanallah, mpaka maharage!

Shangazi Zuhura: Mchele wa kunata ndio sina. Nikiitia hiyo anko ndani ya maandazi?

Mwanaisha: Shangazi, wanafanya hivyo hivyo! Duka la Kimuraya la Tokyo liliweka anko ndani ya mkate mwaka 1874, na mpaka leo mkate ule unauzwa kila kona. Na ya kukaangwa ipo, donati yenye anko ndani. Maandazi yako yatafaa sana.

Shangazi Zuhura: Kunde nimeshabandika. Maji ya kwanza yametoka mekundu kama chai ya rangi, nimemwaga.

Mwanaisha: Maashallah! Itakayobaki igawe mafungu madogo uigandishe, mwezi mzima haiharibiki.

Shangazi Zuhura: Unga niukande na iliki?

Mwanaisha: Kidogo tu, isifunike harufu ya kunde. Na anko ipoe kabisa kabla ya kuifunga, iwe kavu kidogo kuliko ya ohagi. Ikiwa majimaji, andazi linapasukia kwenye mafuta. Bana kingo vizuri.

Shangazi Zuhura: Nimekuelewa mama. Hamisi, ukirudi pita dukani, hamira imekwisha.