Mistari myembamba ya herufi inapotea nikichapa: nibadili fonti au nibadili ninavyoitumia?

Mchora Jalada:
Habari wakuu. Ninasanifu jarida la fasihi, kurasa 64, pamoja na nembo yake. Nimependa fonti moja ya jamii ya Didot: mashina manene, mistari ya kuunganisha myembamba kama unywele, serifu (vijiguu vya ncha za herufi) bapa. Kwenye jalada, kwa pointi 150 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), imekaa kifalme hasa. Herufi R inanyoosha mguu, unaona kabisa kalamu ilipokandamizwa na ilipoachiliwa.

Basi nikaipenda kupita kiasi nikaipeleka kila mahali: vichwa vidogo, maelezo ya picha kwa pointi 9, hata maandishi meupe juu ya ukurasa mweusi. Nakala za majaribio zimerudi leo. Maelezo ya picha yamebaki mashina matupu, neno "muumini" limekuwa uzio wa fito. Kwenye ukurasa mweusi herufi e zimepasuka katikati. Mwenye jarida anasema tuchukue fonti nyingine tu. Mimi sitaki kuiacha. Nifanyeje?

Wino na Risasi:
Usiiache, mkuu. Nimekaa na mashine za uchapaji tangu enzi za herufi za risasi, na kosa hili nimelirekebisha mara nyingi. Fonti yako haina ubovu. Umeipa kazi ambayo haikuchorwa kuifanya.

Firmin Didot alipokata herufi zake Paris miaka ya 1780, na Giambattista Bodoni kule Parma, Italia, kila saizi ilikatwa peke yake kwenye chuma. Herufi ndogo haikuwa herufi kubwa iliyopunguzwa. Mkataji aliipanua kidogo, akaunenepesha unywele wake, akaiachia nafasi zaidi kushoto na kulia ili isizibwe na wino. Kompyuta haina huruma hiyo: inachukua mchoro mmoja na kuukuza au kuupunguza vilevile ulivyo.

Fanya hesabu mwenyewe. Fungua fonti kwenye programu ya kuchora herufi, pima mstari mwembamba kabisa. Tuseme ni yuniti 12 kati ya 1000 zinazogawa ukubwa wa herufi. Kwa pointi 150 unapata mstari wa pointi 1.8, safi. Kwa pointi 9 unapata 0.108. Wachapaji wengi hatupendi mstari ulio chini ya robo pointi, kwa hiyo mchoro huo usishuke chini ya pointi 21. Maandishi meupe juu ya weusi ni magumu zaidi, kwa sababu wino unatambaa kutoka pande zote mbili na kuumeza mstari. Mimi hapo nadai nusu pointi, yaani herufi ya pointi 42 kwenda juu.

Jarida la mitindo la Harper's Bazaar lilitaka unywele ubaki mwembamba kwenye kila saizi. Mwaka 1991 mchora fonti Jonathan Hoefler akalichorea Didot yenye matoleo saba, kuanzia pointi 6 hadi 96. Saba, kwa sababu moja haikutosha.

Nukta Nne:
Naheshimu maelezo ya mzee wetu hapo juu, ila si kila mtu ana bajeti ya matoleo saba. Fonti ya Bodoni Moda, ya jamii hiyohiyo, ni ya bure, na ina mhimili wa ukubwa (kirekebishi cha mchoro kwa kila saizi) wa kuanzia pointi 6 hadi 96: ukiandika kidogo inanenepesha mistari, ukiandika kubwa inaichonga. Hakikisha tu programu yako ya kupanga kurasa imewasha mhimili huo. Hata hivyo, mimi maelezo ya picha nisingeyaweka kwenye jamii hii kabisa. Yape fonti tulivu, isiyo na tofauti kubwa ya unene, ndipo jalada litakapong'aa.

Na huo ukurasa mweusi, umeuchapa kwa wino mmoja mweusi au minne ya rangi, mmoja juu ya mwingine? Ikiwa ni minne, sahani moja (kila wino una bamba lake la kuchapia) ikisogea hata kidogo tu, rangi inaingia ndani ya herufi nyeupe.

Dada wa Nembo:
Kwenye nembo usipunguze tu. Chora ya pili kwa ajili ya saizi ndogo: nenepesha mistari, fungua nafasi kati ya herufi. Na angalia ritifaa (') ya ng', fonti nyingi za aina hii zinaacha pengo baya baada yake. Lisogeze kwa mkono, jozi kwa jozi.

Mchora Jalada:
Asanteni sana. Nimepima: yangu ni yuniti 14, kwa hiyo mwisho wake ni pointi 18. Na ndiyo, weusi ulikuwa wa wino minne, nimeubakiza mmoja. Maelezo ya picha nimeyahamishia fonti nyingine, na nilihuzunika kidogo kuyaona yakihama. Kichwa cha jalada sijakigusa. Dada, pengo la ng' lilikuwepo kweli, kwenye vichwa vitatu, na miezi miwili nzima sikuwa nimeliona. Nakala mpya zinachapwa Alhamisi.