Naomba ushauri: shinikizo la juu la mapafu kwa mtoto mchanga pasipo gesi ya nitriki oksaidi

Wataalamu wenzangu, katika wodi yetu ya watoto wachanga tumempokea mtoto aliyezaliwa kwa wakati, aliyevuta kinyesi chake cha kwanza wakati wa kuzaliwa, ambaye oksijeni ya mkono wake wa kulia inaizidi ya mguuni kwa asilimia 12. Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kimethibitisha shinikizo la juu katika mishipa ya mapafu.

Ninafahamu kwamba nitriki oksaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa watoto wa aina hii, huvutwa kwa kiwango cha sehemu 20 kwa kila sehemu milioni, hulegeza misuli ya mishipa ya mapafu kwa kuongeza GMP ya mzunguko (kemikali ya ndani ya seli inayoilegeza misuli hiyo), kisha hunaswa na himoglobini ya damu kabla haijashusha presha ya mwili mzima. Sisi hatuna gesi hiyo (na mitungi yake si ya kuagizwa leo ikafika kesho).

Tumebaki na sildenafili ya kunywa, ambayo huzuia kimeng'enya kinachoivunja GMP hiyo. Je, mliowahi kuitumia mlianza na dozi gani, na mlifanyaje ili presha isishuke, hasa kwa mtoto ambaye bado hajaanza kunyonya?