Tupeane uzoefu: chokoleti ya biskuti na mashimelo bila oveni

Mama Nuru, Tabata

Wapendwa, habari za jioni. Kila likizo ya shule ikifika naulizwa swali lile lile: mtu asiye na oveni awatengenezee watoto nini kitamu zaidi ya kashata na visheti? Mimi nawajibu chokoleti ya kugandisha, yenye biskuti na mashimelo ndani, zile pipi laini nyeupe na za pinki zinazobonyea. Haiokwi. Inataka moto mdogo wa dakika chache na friji ya kawaida, basi.

Yangu naifanya hivi. Nakatakata gramu 200 za chokoleti nyeusi, naongeza gramu 100 za siagi na vijiko vikubwa vitatu vya asali. Vyote naviweka kwenye bakuli la bati juu ya sufuria yenye maji yanayofuka mvuke, kitako cha bakuli kisiguse maji. Nakoroga mpaka uwe uji unaong'aa, naipua. Gramu 200 za biskuti za Marie nimeshazivunja kwa mkono, vipande vikubwa vikubwa, maana ukizisaga unapoteza ule mlio wa kutafuna. Zinaingia kwanza. Mashimelo, gramu 100 hivi, zinasubiri. Nagusa bakuli kwa nje, likiwa vuguvugu ndipo nazitia. Ukizitia uji ukiwa wa moto zinayeyuka zote na hutaziona tena. Namimina kwenye sinia dogo lililotandikwa karatasi ya kuokea, nagandamiza kwa mgongo wa kijiko, friji saa mbili au tatu.

Wakati wa kukata, chovya kisu kwenye maji ya moto, futa kikauke, kata. Rudia kila mstari. Hapo ndipo vipande vinatoka na kingo zilizonyooka na unaona mashimelo imekatwa katikati, nyeupe pee ndani ya kahawia.

Naomba uzoefu wenu, hasa wa miji ya joto, kwa sababu mapishi mengi ya kitu hiki yameandikwa na watu wa nchi za baridi.

Bint Kisauni

Shukran sana. Mie jambo langu ni jelatini. Mashimelo hushikana kwa jelatini, na jelatini yaweza kuwa ya ng'ombe, ya samaki, au ya nguruwe. Paketi ikiandika jelatini peke yake, haisemi ya mnyama gani wala haina alama ya halali, mie huirudisha rafuni. Dada yangu aliwahi kuletewa zawadi ya mashimelo kutoka safari, sinia la Idi likawa tayari limeganda, ndipo mama akavaa miwani akasoma maandishi madogo nyuma ya paketi. Sinia lote halikuliwa. Roho zilituuma, watoto walishaanza kuzunguka friji.

Siku hizi nikikosa za halali natia tende zilizotolewa kokwa na kukatwa, pamoja na lozi za kukaanga. Tende hubaki laini hata ndani ya friji, na utamu wake waenda na chokoleti nyeusi vizuri mno. Punguza asali lakini, iwe kijiko kimoja.

Mwana wa Kyela

Dada Mama Nuru, umenigusa. Kwetu kakao imezunguka nyumba. Tukiwa wadogo tulikuwa tunapasua tunda na kufyonza ule ute mweupe unaofunika mbegu, mtamu wenye uchachu kidogo, mbegu tunatema. Wazee walikuwa wanazivundika siku kadhaa, kisha zinaanikwa juani, zinakwenda kuuzwa. Chokoleti yenyewe niliionja nikiwa mtu mzima, mjini, na niliilipia bei iliyonifanya nifikiri sana kuhusu mzee wangu na lile turubai lake la kuanikia.

Ndiyo maana nikitengeneza hii nachagua chokoleti yenye kakao nyingi, asilimia 60 kwenda juu. Asali na mashimelo zinatosha kwa sukari. Watoto wangu najua wanakula kitu kilichoanzia kwa babu yao, na hilo nawaambia kila mara.

Mpishi wa Mtaani, Dodoma

Mimi nauza vipande hivi kazini na kwenye sherehe ndogo, kwa hiyo nitasema la biashara. Chokoleti halisi ina siagi ya kakao, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Mkono wa mtu una joto la kutosha kuiharibu. Ile chokoleti ya kupikia inayotengenezwa kwa mafuta mengine ya mimea inastahimili zaidi, na bei yake ni nafuu. Nyumbani nakubaliana na Kyela, tumia ile halisi. Ila kama kipande kitakaa kwenye ndoo ya plastiki mpaka saa nane mchana, nyeusi ya asilimia 70 haitakufaa kitu.

Na chokoleti ya maziwa huganda laini kuliko nyeusi, hivyo punguza siagi ukiitumia.

Mama Nuru, Tabata

Dodoma, hapo tunatofautiana. Ile ya mafuta mengine inaacha utando juu ya ulimi, watoto hawajali lakini mimi nauhisi. Heri nigandishe usiku na nigawe asubuhi kabla jua halijakaza.

Nipo Muscat

Salaam alaikum. Huku mashimelo za halali zimejaa madukani, Bint Kisauni usingepata tabu. Tabu yetu ni joto, kiangazi linapita nyuzi 40, kutoka mlangoni hadi garini chokoleti imeshalainika. Shangazi yangu, mzaliwa wa Unguja, ndiye aliyenionyesha njia nyingine. Kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, vijiko vikubwa vinne vya unga wa kakao uliochekechwa, na siagi gramu 50. Unapika moto mdogo, mwiko hautoki mkononi, mpaka ukivuta mwiko katikati unaona kitako cha sufuria na mchanganyiko unachelewa kurudi. Kama unavyoangalia halua, ndivyo hivyo. Ipua, iache ipoe, tia biskuti, kisha mashimelo.

Hii haitegemei siagi ya kakao kuganda, inashikwa na maziwa na sukari iliyopikwa. Inakuwa ya kutafuna, haivunjiki kwa mlio, lakini haitiririki.

Wa Limuru

Sisi mwezi wa saba hata friji hatuhitaji, sinia linakaa mezani jikoni usiku na asubuhi limeganda. Kitu kimoja niwaambie wenzangu: maji. Tone moja la mvuke likiingia kwenye chokoleti inayoyeyuka, sukari inalowa na kushikana, na kila kitu kinakuwa chengachenga kikavu. Usitupe. Ongeza maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja ukikoroga kwa nguvu, itarudi kuwa laini. Haitaganda ngumu tena, kwa hivyo imwagie juu ya biskuti na mashimelo kwenye bakuli, watu wale kwa kijiko.

Na stima ikipotea, acha mlango wa friji ukiwa umefungwa.

Dada wa Leicester

Huku Uingereza wanaiita rocky road na ni kitu cha kila duka la chai. Keki ya jamii hiyo hiyo, ya chokoleti na biskuti bila kuokwa, iliwekwa mezani kwenye harusi ya Prince William mwaka 2011 kwa ombi lake mwenyewe, kwa kuwa aliipenda tangu utotoni. Wifi zangu Tanga nilipowaambia hayo walikoma kuiita chakula cha watoto.

Mama Pacha

Mimi ni muuguzi, naomba mama wenye wadogo wanisikilize. Mashimelo nzima na karanga nzima humpalia mtoto mdogo. Kwa walio chini ya miaka mitano katakata mashimelo kwa mkasi uliopakwa mafuta, na karanga zisage au ziache kabisa. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Na kabla ya kugawa kwa watoto wa watu, uliza nani karanga zinamdhuru.

Mgeni jikoni

Asanteni wote. Swali: siagi ni ghali kwetu, majarini inakubali?

Mama Nuru, Tabata

Inakubali, mpenzi, ila chukua ile ya mche inayokatika kwa kisu. Ile laini ya kopo mara nyingi ina maji mengi, na Wa Limuru ameshaeleza maji yanafanya nini. Gramu 80 zinatosha badala ya 100, na usiongeze chumvi, tayari imo. Ukimaliza njoo utuambie imekatikaje.