Monster 900 klachi kavu: pleti za bei rahisi nifunge au niache?

Kabalagala900
Wazee habari zenu. Niko Kampala, nina Ducati Monster 900 ile ya klachi kavu na imeanza kuteleza. Napanda Muyenga giya ya tatu, nafungua akseli, injini inalia juu lakini spidi haiongezeki, na harufu ya kuungua inapanda mpaka ndani ya helmeti. Nimefungua kava, pleti za msuguano zimeisha na zile za chuma kama mbili hivi zimegeuka bluu. Seti orijino ukijumlisha usafiri na ushuru kwa sasa siiwezi kabisa, so nimeagiza mtandaoni za bei rahisi, za msuguano peke yake bila za chuma, hazina chapa yoyote. Sasa makanika wangu wa Katwe, mtu mzuri sana anajua boda zote, anasema lazima tuzilaze kwenye oili usiku kucha kama anavyofanya kwa Boxer. Moyo wangu unakataa. Na zile za chuma za zamani, nazirudisha au? Nishaurini kabla hatujafunga.

fundi_wa_jinja
Ssebo usiweke oili hata tone! Makanika wako hajakosea kwa Boxer, klachi ya Boxer inaogelea kwenye oili ya injini kwahiyo pleti mpya ukizifunga kavu zinaungua siku ya kwanza. Hiyo ya kwako iko nje ya oili, imetengenezwa ifanye kazi kwenye hewa, lainingi yake (ile nyama ya msuguano juu ya pleti) ikinyonya oili ndo basi tena, hata uioshe namna gani itateleza tu. Osha mikono kabla ya kushika hizo pleti, nasema kweli. Muonyeshe kwa upole, usimwaibishe, wengi huku hawajawahi kufungua klachi kavu maana ziko pikipiki chache sana nchini.

NubiBombo
Kabla ya pleti mi nauliza kitu kingine. Ulipofungua kava ndani ulikuta vumbi jeusi kavu au utopeutope? Vumbi ni kawaida, ni lainingi inasagika (na usilipulize kwa mdomo wala kompresa, chukua kitambaa chenye maji). Ila ukikuta matope meusi yanayoteleza ujue sili ya oili nyuma ya basiketi (kile kikombe cha nje kinachobeba pleti) inavuja, hapo hata ufunge pleti za dhahabu utarudi hapa kulia tena. Kufika kwenye sili lazima utoe nati kubwa ya katikati na imekazwa vibaya mno, usiruhusu mtu apige nyundo na patasi. Chukua pleti moja ya chuma iliyochakaa, peleka kwa wachomeleaji hapohapo Katwe wakuchomelee kwenye flatibaa (chuma bapa) ndefu, meno yake yanashika habu, kile kitovu cha ndani chenye meno, vizuri na nati inatoka kistaarabu.

mlima_elgon
Mimi sikubaliani na hizi za bei rahisi. Lainingi ikibanduka spidi ya barabara kuu hapo Mabira na lori liko nyuma utasema nini? Subiri pesa ununue za kampuni inayojulikana, hata zisiwe orijino za Ducati, ziko kampuni zinatengeneza pleti nzuri kwa bei ya katikati.

Kabalagala900
Mlima nakuelewa ila pikipiki ndo usafiri wangu wa kazi. @NubiBombo ni vumbi kavu kabisa, asante Mungu. Nimenunua venia (kipimo cha unene) Kiseka nimepima: za msuguano za zamani ziko milimita 2.6, mpya hizi nyingi 2.9 lakini mbili ziko 2.8. Halafu kuna moja ya chuma nimeiweka juu ya kioo inachezacheza, imepinda, makanika anataka kuitupa.

fundi_wa_jinja
ASIITUPE na asiinyooshe! Hiyo ya unene wa milimita 1.5 yenye mviringo kidogo kama sahani imetengenezwa hivyo makusudi, ndo inafanya klachi ishike polepole bila kuruka. Rudisha palepale ilipokuwa na upande uleule uliokuwa unatazama nje, natumaini ulipiga picha wakati wa kufungua. Hizo bluu sasa ndo za kuangalia, ziweke juu ya kioo, pitisha fila gaji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), ya milimita 0.2 ikipita chini hiyo pleti imepinda kweli iache. Zilizonyooka sugua kwa msasa kwa kuzungusha mpaka mng'ao uishe, malizia na spreyi ya breki.

Kuhusu hizo mpya 2.9 na 2.8: mpya inatakiwa iwe 3, kwahiyo umelipia pleti zilizoanza maisha zikiwa zimeliwa. Zinaweza kufanya kazi lakini usizifunge hivihivi. Panga zote, za msuguano na za chuma, zibane kwa mkono upime kimo chote. Kinatakiwa kiwe karibu milimita 38. Kikiwa kifupi springi zinalegea, na mbaya zaidi ile pleti ya nje inayobana inaweza kugonga habu kabla haijabana kitu, hapo itateleza wakati kila kitu ni kipya na utamlaumu makanika bure.

Kabalagala900
36.6 😩

fundi_wa_jinja
Usihuzunike. Pleti za chuma ziko za 1.5 na za 2. Toa mbili zilizonyooka za 1.5 (siyo ile ya mviringo!!) weka za 2, umefika 37.6, hapo panatosha. Za chuma zilizotumika zinapatikana, waulize wenye Ducati hapo Kampala, wengi waliobadilisha seti nzima wanazo zimekaa tu kwenye boksi.

NubiBombo
Naongezea mambo ya kufunga. Kila pleti mpya iingize kwenye basiketi peke yake kwanza, iteleze ndani nje bila kukwama, hizi zisizo na chapa masikio yake wakati mwingine yana makali, pitisha tupa kidogo. Pleti ya nje hakikisha imekaa kwenye meno ya habu ndo uanze boliti, kaza zote 6 kidogokidogo kwa kupishana, na usikaze kwa hasira maana kule ndani ni alumini. Na kwa vyovyote vile USIMRUHUSU MTU KUVUTA LEVA ya klachi wakati pleti ya nje haipo, watoto wanapenda sana kuchezea, pistoni ya haidroliki kule upande wa kushoto itasukumwa nje. Ukimaliza angalia kikopo cha fluidi, pleti zikiisha kiwango hupanda na ukiweka nene kinashuka, jaza DOT 4 na futa haraka ikidondokea rangi.

Kabalagala900
Banange asanteni sana. Nimepata za chuma mbili kwa jamaa wa Naguru, tumefunga kavu, makanika mwenyewe kasimamia na sasa anawafundisha wenzake. Muyenga imepanda bila kuteleza. Kitu kimoja tu, nikivuta leva imesimama inapiga kelele kalakalakala, boda wote wananigeukia.

fundi_wa_jinja
Hiyo kelele ni yake, masikio ya pleti yanagongagonga basiketi, klachi kavu zote za Ducati zinalia hivyo. Klachi ikianza kukataa kuachia au nyutro inakuwa ngumu kupatikana, fungua uangalie kama masikio yamechimba vishimo kwenye basiketi, vidogo unapiga tupa, vikubwa ni kubadilisha. Na kwenye jamu ya Jinja Road weka nyutro, usikae umeshika nusu klachi, hizo pleti zako hazina nyama ya kupoteza.

mlima_elgon
Pima tena zile mbili za 2.8 ukifungua. Na anza kuweka akiba ya seti nzuri ssebo.